Njia ya Kwenda Chanzoni: Namna ya Kuitengeneza kwa Usalama na Ikadumu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya ndugu wanaotumikia katika kamati za maji za vijijini)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mada niliyopewa leo haihusu barabara kuu inayopita mabasi, wala barabara ya mjini yenye taa. Inahusu ile njia nyembamba inayotoka kijijini na kupanda hadi kwenye chanzo cha maji, kwenye tangi, au kwenye nyumba ya pampu. Katika vijiji vingi njia hiyo hufuata pia mstari wa bomba kuu, na mara nyingine hupita chini ya nyaya za umeme zinazoendesha pampu. Gari la fundi huipita mara chache kwa mwezi, na kwa sababu hiyo hakuna anayeihesabu kuwa ni barabara. Lakini siku pampu inapokufa katikati ya masika, na gari lililobeba pampu mpya linakwama kilometa moja kabla ya kufika, hapo ndipo kijiji kizima hutambua kwamba maji yao yalikuwa yanategemea njia ile. Akina mama hurudi kwenye madimbwi, na wiki haipiti kabla zahanati haijajaa watoto wanaoharisha.

Basi ni wazi kwamba njia ya chanzoni si mali ya wenye magari. Ni mali ya kila anywaye maji, hata bibi kizee ambaye hajawahi kuikanyaga.

Jambo hili si geni kwetu Waislamu. Tumefundishwa kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni sehemu ya imani. Tena historia inatukumbusha Bibi Zubayda, mke wa Khalifa Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 831. Njia ya mahujaji kutoka Kufa kwenda Makka, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 1,000, imebeba jina lake hadi leo. Bibi huyo hakutenganisha njia na maji. Palipokuwa na njia palichimbwa visima na kujengwa mabirika. Funzo ninalotaka tulichukue kwake ni hilo: njia na maji ni amana moja.

Adui wa kwanza wa njia

Ndugu zangu, watu wengi hudhani kwamba adui wa barabara ni magari mazito. Magari huchangia, hilo halina ubishi, lakini adui wa kwanza ni maji. Maji ya mvua huanguka juu ya njia, mengine huteremka kutoka ubavuni mwa kilima, na mengine hupanda kutoka chini ya udongo. Yakipata pa kutuama, udongo hulainika na gurudumu huzama. Yakipata pa kukimbilia, hukata korongo. Anayetengeneza njia bila ya kuyapangia maji pa kwenda, ametengeneza mfereji.

Hapa ndipo desturi moja ya vijijini kwetu inapotupotosha. Kila mwaka baada ya masika huletwa greda, likakwangua njia ikawa nyororo, na sote tukafurahi. Lakini kila likwanguapo huondoa udongo na kuusukumia pembeni. Baada ya miaka michache njia imekuwa chini kuliko mashamba ya pande zote mbili, na maji ya mashamba yote hukusanyika ndani yake. Tumelipa fedha ili barabara igeuzwe mto.

Dawa yake ni ya kale na ni rahisi kueleza. Kwanza, njia iwe na mgongo, yaani katikati iinuke kuliko kingo. Kipimo kitumikacho kwa njia za udongo na changarawe ni kiasi cha asilimia 5. Kwa njia yenye upana wa meta 4, maana yake ni kwamba katikati iwe juu kuliko ukingo kwa sentimeta 10 hivi. Hilo hupimwa kwa kamba, ubao ulionyooka na pima maji ya fundi mwashi.

Pili, kuwe na mitaro ya kando, na mitaro hiyo iwe na mahali pa kumwagia. Kila inapowezekana, maji yachepushwe kwenda kwenye majani kabla hayajapata nguvu. Mtaro mrefu usio na mchepuko hukusanya maji ya kilima kizima, na huko chini huyatoa kwa kishindo kwenye shamba la mtu maskini. Hiyo ni dhulma, hata kama iliyoifanya ni kamati.

Tatu, penye mteremko, ndani ya mtaro viwekwe vizuizi vidogo vya mawe au vya vigingi ili kupunguza kasi ya maji. Kadiri mteremko unavyozidi, ndivyo vizuizi vinavyosogeleana. Kwa mteremko wa asilimia 5 huwekwa takriban kila meta 20, na kwa mteremko wa asilimia 10 takriban kila meta 6.

Nne, kalavati lisiwe dogo. Bomba la kalavati lenye kipenyo cha chini ya sentimeta 60 huziba kwa majani na mchanga, na wala mtu hawezi kuingiza mikono na jembe akalizibua. Kalavati lililoziba ni bwawa, na bwawa likivunjika huondoka na barabara.

Tusitengeneze zaidi ya haja

Sasa niseme juu ya ukubwa wa kazi, maana hapa ndipo kamati nyingi hugombana. Mmoja husema: tulete katapila tufungue barabara ya meta 8, kijiji kionekane kimeendelea. Mwingine husema: fedha hakuna, tuache kama ilivyo. Mimi nasema wote wawili wamekosa kipimo. Njia ipitayo gari moja moja haihitaji meta 8. Njia ya meta 3 na nusu hadi 4, yenye sehemu zilizopanuliwa za kupishana, inatosha. Kila meta ya ziada ni miti iliyokatwa, ni shamba lililochukuliwa, ni mteremko uliochimbwa ukaachwa wazi kuporomoka, na ni meta nyingine ya kutunza kila mwaka.

Tuangalie hesabu. Tukitaka kumwaga changarawe yenye unene wa sentimeta 15, baada ya kushindiliwa, kwenye njia ya meta 4, kila kilometa moja inahitaji meta za ujazo 600. Kwa kuwa changarawe isiyoshindiliwa huchukua nafasi kubwa zaidi, tipa la meta za ujazo 7 litakwenda zaidi ya safari 100 kwa kilometa moja tu. Na changarawe hiyo haikai milele. Kwa kawaida hupotea sentimeta 2 hadi 3 kila mwaka kwa mvua, upepo na magurudumu, kwa hiyo baada ya miaka 5 hadi 7 tumerudi tulikoanzia. Penye mteremko mkali na mvua nyingi hupotea mapema zaidi.

Kwa hiyo wataalamu wamekuja na njia ya busara: tengeneza kwanza mahali pabaya. Katika njia ya kilometa 3, aghalabu panapokwamisha gari ni pachache tu. Ni mlima mmoja wenye utelezi, bonde moja lenye udongo mweusi wa mbuga, na kijito kimoja. Mahali hapo patatu pakitengenezwa kwa uimara, kilometa zote 3 zinapitika mwaka mzima.

Hapa Tanzania jambo hili limejaribiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, kwa mpango wa utafiti wa barabara za vijijini uliosaidiwa na Uingereza, zilijengwa sehemu za majaribio katika barabara ya Bago kwenda Talawanda, wilayani Bagamoyo, na ile ya Lawate kwenda Kibong'oto, wilayani Siha, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako ipo hospitali mashuhuri ya kifua kikuu. Humo zililinganishwa aina mbalimbali za sakafu ya barabara: kanda mbili za zege zinazokanyagwa na magurudumu, zege la upana wote, matofali ya saruji, mawe yaliyopangwa kwa mkono, na lami nyepesi za namna kadhaa. Moja ya lami hizo ni ile iitwayo Otta, iliyopewa jina la bonde la Otta nchini Norway ilikobuniwa katika miaka ya 1960. Faida yake ni kwamba hukubali kokoto za kawaida zipatikanazo karibu.

Kwa njia ya chanzoni, mimi huzipenda zaidi kanda mbili za zege, lakini kwenye mlima tu. Kila ukanda ukiwa na upana wa sentimeta 90 na unene wa sentimeta 15, meta 100 za njia zinahitaji meta za ujazo 27 za zege, yaani kiasi cha mifuko 160 hadi 190 ya saruji. Nyasi huachwa katikati, mitaro ikabaki kandoni, na maji yakaendelea kunywewa na ardhi. Masharti ni mawili. Udongo wa chini ushindiliwe barabara kabla ya kumwaga zege. Na zege linyweshwe maji kwa muda usiopungua siku 7, wala gari zito lisipite kabla ya siku 28. Nani kati yetu hajaona zege lililopasuka kwa sababu mwenye tipa alikuwa na haraka?

Penye matope ya bondeni kuna mbinu ya Wajapani iitwayo donou, ambayo imefundishwa kwa vikundi vya wanakijiji huko Kenya. Magunia hujazwa udongo au changarawe, yakafungwa, yakapangwa na kushindiliwa kwa mkono, kisha yakafunikwa. Gunia hubana udongo usitawanyike chini ya gurudumu. Kazi hii haihitaji mtambo, bali watu waliopangwa vizuri.

Bomba na nyaya

Ndugu zangu, njia hii si kama njia nyingine, kwa sababu imebeba vitu vilivyofichika. Chini yake lipo bomba, na juu yake zipo nyaya. Kabla jembe la kwanza halijapigwa, mstari wa bomba utafutwe kwa kuchimba vishimo kwa mkono, uwekewe alama kwa vigingi, na ramani yake ihifadhiwe ofisini. Fundi aliyelaza bomba akiwa bado hai aitwe aonyeshe, maana akifariki ameondoka na ramani yake kichwani.

Bomba likivuka chini ya njia, lipite ndani ya bomba jingine kubwa zaidi, na juu yake pawe na udongo usiopungua sentimeta 90. Kumbukeni kwamba kukwangua njia hupunguza kina hicho mwaka hadi mwaka. Bomba lililozikwa vizuri zamani, leo laweza kuwa linakanyagwa na tipa la tani 15.

Ama nyaya za umeme, hizo hazisamehi. Tipa linapoinua bodi yake kumwaga kifusi, hufika juu sana kuliko dereva anavyodhani. Basi iwe sheria: hapana kumwaga kifusi chini ya nyaya, na shirika la umeme lipewe habari kabla ya kazi kuanza. Pande zote mbili za nyaya zisimamishwe nguzo zenye kamba iliyofungwa vitambaa, ili dereva aone mpaka, na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama juu tu.

Na ikitokea gari limegusa waya, naomba haya myahifadhi na mkawafundishe wenzenu. Dereva abaki ndani ya gari. Watu wote wakae mbali, si chini ya meta 10, na mtu yeyote asithubutu kuligusa gari mpaka shirika la umeme lithibitishe kwamba umeme umekatwa. Kama gari linawaka moto na hana budi kutoka, basi aruke miguu ikiwa pamoja, asiguse gari na ardhi kwa wakati mmoja, na aende kwa kurukaruka miguu ikiwa imebanana. Umeme husambaa ardhini, na hatua ndefu huupitisha mwilini.

Usalama wa watendao kazi

Mara nyingi kazi zetu ni za kujitolea, nasi huchukulia kwamba aliyejitolea hahitaji kulindwa. Hilo si sawa. Meta moja ya ujazo ya udongo huwa na uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani hawezi kupumua, hata kama kichwa chake kiko nje. Kwa hiyo handaki linalozidi kina cha meta 1.2 lisiingiwe kabla kingo zake hazijaegemezwa mbao au kulazwa mshazari, na udongo uliochimbwa uwekwe mbali na ukingo.

Shimo la kuchimbia kifusi lina hatari mbili. Ya kwanza ni kuchimba chini na kuacha juu kama paa, kwa kuwa paa hilo huanguka bila ya kubisha hodi. Ya pili huja baada ya kazi kwisha. Shimo huachwa, masika hulijaza, mbu huzaliana, na watoto huenda kuogelea. Kamati iliyoacha shimo la namna hiyo imepeleka maji kwa watoto wa kijiji kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili imewachimbia kaburi. Udongo wa juu uhifadhiwe pembeni tangu siku ya kwanza, kingo zilazwe, maji yafunguliwe njia ya kutokea, na miti ipandwe.

Tipa linaporudi nyuma pasiwe na mtu nyuma yake ila mwongozaji anayeonekana na dereva. Saa za watoto kwenda na kutoka shule magari yasimame. Mwendo usizidi kilometa 20 kwa saa penye makazi. Haya hayagharimu fedha, yanahitaji msimamizi asiyeona haya kumkataza hata mwenyekiti wake.

Kukilinda chanzo dhidi ya njia yenyewe

Njia nzuri huleta fundi, lakini pia huleta mwenye msumeno, mwenye ng'ombe, na mwenye kuosha pikipiki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu zenye kuhatarisha chanzo cha maji ndani ya meta 60 za chanzo hicho. Basi gari liishie nje ya mpaka huo, pawekwe mahali pa kugeuzia na lango lenye kufuli, na vifaa vibebwe kwa mikono hatua zinazobaki. Mitaro ya njia isimwage maji yake juu ya mahali yanapoingilia maji ya bomba. Mafuta ya jenereta na ya mitambo yasihifadhiwe karibu na chanzo. Tena klorini ya unga isisafirishwe pamoja na mafuta katika gari moja, kwa kuwa vikichanganyika vyaweza kuwaka.

Kingo zilizochimbwa zipandwe nyasi kabla ya mvua. Nyasi za vetiva zinasifika kwa kuwa mizizi yake huenda chini sana na kushika udongo, wala hazitambai kuvamia mashamba.

Nani atatunza?

Mwisho, ndugu zangu, niseme juu ya jambo ambalo bila hilo yote niliyosema ni bure. Siku ya kufungua njia huwa na hotuba na picha. Siku ya kuzibua kalavati haina picha. Lakini njia huishi kwa siku hizo zisizo na picha.

Wakenya walitupa mfano. Katika mpango wao wa barabara za vijijini ulioanza mwaka 1974, kazi zilifanywa kwa nguvu za watu zaidi kuliko mitambo. Barabara zilipokwisha, mtu aishiye kando ya barabara alipewa kipande chake akitunze kwa malipo, kwa jembe, panga na toroli. Sisi nasi twaweza. Kamati ichague watu wawili, na ningependa mmoja wao awe mwanamke, wapewe mkataba wa maandishi, wazibue mitaro kabla ya vuli na kabla ya masika, na baada ya kila mvua kubwa wapite kutazama. Ujira wao utoke katika fedha za maji, sehemu maalumu iliyotengwa kila mwezi, na hesabu yake isomwe hadharani.

Kazi kubwa tusizifanye peke yetu. Tangu mwaka 2017 ipo TARURA kwa barabara za vijijini na mijini, na tangu mwaka 2019 ipo RUWASA kwa maji ya vijijini. Wahandisi wao waitwe waione njia kabla fedha hazijatumika. Na mwenye shamba litakalopitiwa aombwe, aelewane na kijiji, na alipwe haki yake kabla migomba yake haijakatwa. Maji yaliyopitishwa juu ya haki ya jirani hayana baraka.

Basi kila mmoja wetu arudipo nyumbani, kabla ya masika aipande njia ya chanzo chake kwa miguu. Ahesabu mahali pabaya, aangalie kalavati lipi limeziba, bomba wapi limebaki wazi, na waya wapi umelegea. Ayaandike na kuyapeleka katika kikao cha kwanza cha kamati yake. Daftari hilo dogo litaokoa fedha nyingi, na huenda likaokoa roho.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuyatenda tuliyoyasikia, na azijalie kheri kazi za mikono yetu. Amin.